Watoto na Watu Wazima Katika Michezo ya Mtandaoni



Zamani mgeni akipanda mlima kuja Ronge, alionekana tangu yuko njiani, akaulizwa atokako na aendako kabla hajafika mlangoni kwa mtu. Leo mgeni huingia chumbani kwa mtoto usiku, mlango umefungwa na wazee wamelala, na hapana amwulizaye. Wala khabari hii si ya Ronge peke yake. Ni ya Voi na Mombasa, na Lamu na Tanga na Unguja, na kila mahali ilipofika simu.

Twasema juu ya michezo ya mtandaoni, ambayo watu wengi hucheza pamoja bila ya kuonana. Mmoja wapo ni Roblox, uliofunguliwa mwaka 2006, nao una michezo mingi isiyo idadi iliyotungwa na wachezaji wenyewe. Wako pia wachezao Grand Theft Auto katika seva za kuigiza maisha: huyu ajifanya askari, yule daktari, yule jambazi.

Kuigiza peke yake si kitu kigeni. Watoto wetu tangu hapo hucheza mchezo wa nyumba, mmoja akawa baba na mwengine mama, wakapika mchanga kwa vifuu. Khatari huingia pale mtu mzima aletapo katika mchezo maneno ya chumba cha kulala, na katika kundi lile lile yumo mtoto wa miaka kumi na mmoja, naye amejiandika kuwa ana ishirini. Sisi hatusemi kwamba uchafu wa maneno wawa halali ukisemwa na wazima peke yao. Haramu ni haramu. Lakini amwingizaye mtoto ndani yake ameongeza dhuluma juu ya maasi.

Baadhi ya watu husema, “Huu ni mchezo tu, na hapo hapana mwili.” Jawabu yao imo katika Suratun-Nur. Humo Mwenyezi Mungu ameamrisha kwamba hata watoto wasiobaleghe waombe idhini kabla ya kuwaingilia wazee wao katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya sala ya isha. Wakisha kubaleghe, waombe idhini kila wakati. Tazameni basi. Hawa ni baba na mama wenyewe, katika nyumba ya halali, na juu ya hayo jicho la mtoto limewekewa mpaka. Kadhalika Mtume, rehema na amani zimshukie, alituagiza watoto watenganishwe katika malazi wakifika miaka kumi. Dini iliyoweka pazia baina ya mtoto na wazazi wake, haiwezi kumwacha bila ya pazia baina yake na mtu asiyemjua.

Na wenye michezo wenyewe wamejifunza jambo hili kwa taabu. Second Life, uliofunguliwa mwaka 2003, uliwafanyia vijana wa miaka 13 hata 17 ulimwengu wao mbali mwaka 2005. Na mwaka 2009 mambo ya watu wazima yakahamishiwa bara lake, lililokuwa haliingiwi ila na aliyethibitisha umri wake. Habbo, wa kampuni ya Finland, ulifunga mazungumzo yote mwezi wa Juni 2012, baada ya televisheni ya Uingereza kufichua maneno machafu waliyokuwa wakiambiwa watoto. Roblox, mwezi wa Novemba 2024, uliwazuia walio chini ya miaka 13 wasipelekeane ujumbe wa faragha nje ya michezo. Na mwaka 2025 ukatangaza kwamba atakaye kuzungumza humo atakisiwa umri kwa kutazamwa uso. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Qatar na Kuwait ziliufunga.

Yatupasa kuijua njia apitayo mharibifu. Haanzi kwa ubaya. Huanza kwa kumsaidia mtoto katika mchezo, kisha humpa zawadi ya fedha za humo. Halafu humwambia, “Tutoke hapa penye watu, tuzungumze faragha,” naye humpeleka WhatsApp au Discord, mahali ambapo msimamizi wa mchezo hafiki. Huko humtaka picha. Na akisha kuipata, humtisha kwayo. Sharia imetukataza khalwa kwa kuwa ndiyo mlango wa haya yote, na mazungumzo ya siri ya mtu mzima na mtoto asiye wake ni khalwa, ijapokuwa baina yao pana bahari.

Basi vijana wetu wanaosimamia seva na makundi ya michezo wajue kwamba wao ni mabawabu, na bawabu ataulizwa. Kwanza, wasitosheke na mtu kuandika umri wake mwenyewe, kwani mtoto huongopa ili aingie. Pili, akidhihirika mtoto katika kundi la wakubwa, atolewe hapo hapo kwa upole, wala asingojewe afanye kosa. Tatu, mkubwa aliyejua kwamba huyu ni mtoto kisha akaendelea, asionywe mara tatu wala mara mbili. Atolewe na ashtakiwe. Nne, maandishi yahifadhiwe, maana dini yetu yataka kuhakikisha khabari kabla ya kumtuhumu mtu, na maneno yaliyofutwa hayashuhudii.

Ama wazazi, wako wavishao watoto hirizi kisha wakawaachia simu usiku kucha. Hirizi haimzuii mtu aliye ndani ya simu. Wako na wavunjao simu kwa hasira, na mtoto akenda kucheza kwa jirani. Bora kuliko yote hayo ni mzazi kukaa na mtoto na kumwuliza anacheza nini na nani. Kuziweka simu zote ukumbini baada ya isha. Na kufunga milango ambayo mchezo wenyewe umempa mzazi uwezo wa kuifunga.

Na neno kubwa kuliko yote ni hili. Mtoto akija kwako akilia, usimpige, wala usimwambie amekuvunjia heshima. Mtume wetu ametufunza kwamba kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe. Vipi basi wewe umwandikie dhambi ambayo Mola wake hakumwandikia? Na hata akiwa amebaleghe, aliyehadaiwa na kutishwa ni mdhulumiwa. Mharibifu hutegemea hofu yetu ya aibu. Ndiyo kufuli yake. Sitara tuliyoamrishwa ni ya kumsitiri aliyeteleza akatubu, si ya kumficha dhalimu apate kwenda kwa mtoto wa pili.

Serikali ya Kenya nayo ina sheria juu ya jambo hili: Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, Sheria ya Makosa ya Mitandao ya 2018, na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyotaja wazi dhuluma ya mtandaoni. Simu 116 ni bure, usiku na mchana. Kupeleka mashtaka huko ni kuondoa munkari, na kuondoa munkari ni wajibu.

Tumwombe Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, awaongoze vijana wanaowasimamia, na atupe sisi wazee masikio ya kuwasikiliza. Amin.