Saa ya Titani na Katazo la Dhahabu

Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, jiwe likitolewa duarani, yaani shimoni mwa machimbo, hupita kwenye karasha, mashine ya kupondea mawe, likasagwa na kuoshwa, kisha zebaki ikashika chembe za dhahabu. Mwislamu anayezipata ni halali kwake kuziuza. Kujipamba nazo, akiwa mwanamume, madhehebu manne ya Sunni yanamkataza. Akitaka saa nzuri ya mkono, basi, madini ya titani yanampa njia. Lakini anapolinganisha saa mbili za titani, je, ameliepuka pia lile ambalo katazo lilikusudia kumwepusha nalo?

Mafakihi walipotafuta sababu ya katazo hilo walitaja israfu, majivuno na kuvunjwa moyo kwa fukara. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloondoka kwa kubadilisha madini. Titani ni nyepesi, uzito wake haufiki robo ya dhahabu ya ujazo uleule, na imejaa ardhini kuliko dhahabu. Ughali wake unatokana na ugumu wa kuisafisha na kuichonga. Hata hivyo saa ya titani yenye nembo kubwa inaweza kuuzwa ghali kuliko pete ya dhahabu. Macho ya jirani hayaulizi ni madini gani, yanauliza ni bei gani.

Wapo watakaosema sheria huhukumu yaliyo dhahiri, na titani si dhahabu. Ni kweli, wala hakuna ruhusa ya kuharamisha kilichohalalishwa. Ila Sahihi Bukhari inafunguliwa kwa hadithi ya nia, na nia haisomeki kwenye chuma. Wengine watasema uzuri unapendwa na Mungu, na jasho ni la mwenyewe. Hilo nalo ni kweli. Lakini pesa kupatikana kwa halali hakujibu swali la namna ya kuitumia, kwa kuwa Kurani inayoruhusu pambo ndiyo hiyohiyo inayokataza israfu.

Kipimo kipo katika ulinganishaji wenyewe. Tusijidanganye kwamba tunafuata usahihi: saa ya springi, hata iliyopewa cheti cha usahihi cha Uswisi, huruhusiwa kukosea sekunde kadhaa kwa siku, na saa ya betri ya bei ndogo huishinda. Sababu za haki ni nyingine: wepesi kwa mkono unaofanya kazi mchana kutwa, madini yasiyoliwa na jasho wala kuwasha ngozi, mtambo ambao fundi anaweza kuufungua na kuutengeneza miaka mingi ijayo. Mtu akipima saa mbili kwa hayo, anatafuta manufaa. Akizipima kwa nembo, amerudi kwenye dhahabu kwa mlango wa nyuma.

Basi, ndugu msomaji, kati ya saa hizo mbili chukua ile ambayo ungeinunua hata kama mkono wa kanzu ungeifunika siku zote. Na kama hakuna hata moja, iache dukani.