Nikakimbia, Tukakimbia

Mpunga unapotoa masuke katika bonde la Kilombero, familia nyingi za Ifakara na vijiji vya jirani huwa zimekwisha kuhamia mashambani. Watoto wengine huachwa mjini kwa bibi ili wasikose shule. Wengine hufuatana na wazazi, hupanda dunguni na kuwinga ndege tangu alfajiri.

Mtoto wa miaka mitano akitoka huko na kuulizwa katika darasa la awali alifanya nini, huenda akajibu hivi: tulikuwa shamba, ndege wakaja, tukapiga kelele, tukakimbia. Basi. Mwalimu ataona kisa hakijakamilika. Yeye mwenyewe je? Aliogopa? Alifurahi?

Swali hilo ni jepesi kwa sura tu, maana limebeba dai zito: kwamba tukio lina mwenyewe mmoja, na kumbukumbu ni sanduku analolifungua peke yake. Dai hilo halikubaliki kila mahali. Mwaka 1997 mtafiti Peggy Miller na wenzake walichapisha ulinganisho wa familia za Taipei na za Chicago zenye watoto wa miaka miwili na nusu. Kote kuwili wazazi walisimulia mambo ya mtoto mbele yake. Taipei walitaja makosa yake mara nyingi zaidi, ili ajirekebishe, Chicago walimpamba. Mwanasaikolojia Qi Wang naye amekuta kwamba watoto wa Marekani husimulia kwa kirefu na kujiweka katikati kuliko wenzao wa China.

Kiswahili kinaleta jambo lake. Kichina humruhusu msimulizi kuacha kumtaja mtenda pale anapoeleweka. Kiswahili hudai kiambishi cha nafsi karibu katika kila kitenzi. Kwa hiyo mtoto anayesimulia kwa “-ka-” ya masimulizi anaamua tena na tena: nikaona au tukaona? Anaamua tukio ni la nani kabla hajajua kuandika jina lake.

Ni rahisi kuruka kutoka hapo na kutangaza kwamba Mwafrika huwaza “sisi”. Haifai. Bonde hili lina Wandamba wanaojua mto na samaki, Wapogoro, Wambunga, Wabena, na Wasukuma waliohamia na ng’ombe wao. Hakuna utamaduni mmoja uliokaa humo kama maji mtungini.

Tena mtoto yuleyule hubadilika. Dunguni, wasikilizaji wake wote walikuwepo. Hakuna wa kuelezewa mvua ilinyesha lini, na akikosea, kaka yake anamkatiza: hapana, wewe ulilia. Kisa kinasukwa na vinywa vitatu, na “tu-” ndiyo kauli ya kweli. Akirudi kwa bibi, ambaye hakuyaona hayo, mambo yanageuka. Bibi anamwita mume wangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, kisha anamchokoza: na wewe mume wangu, ulikimbia? Hapo “mimi” anachomoza mzimamzima, na fimbo yake, na tope la magotini, na ndege ambaye yeye nusura amkamate.

Kwa hiyo utamaduni unamfikia mtoto kwa njia ya msikilizaji: nani ameketi mbele yake, anajua nini tayari, ana haki gani ya kumkatiza. Mwalimu ni msikilizaji wa namna ya tatu. Hakuwepo shambani, wala hana utani naye. Akiuliza, “Mlikuwa nani na nani?”, mtoto atanyoosha vidole na kuanza kuwahesabu.