Je, Picha ya Kupangwa ni Uongo?

Wako wapiga picha wasiongoja jambo litokee. Humvika mwanamke mavazi ya kale, humsimamisha penye mwamba au kisima au shamba la ngano, kisha husema: Huyu ni Demetra, au, Huyu ni Artemi, miungu wa kike wa Wayunani. Mwanamke ni wa leo, mwamba ni wa kweli, mungu hayupo. Je, huo si uongo?

Mtu akichora kwa rangi, wote wajua kwamba ametunga. Lakini kamera huaminiwa kama shahidi, na shahidi akitunga maneno twamwita mwongo. Walakini shahidi mwongo huficha utungaji wake, bali mpiga picha huyu huutangaza katika jina lenyewe la picha. Wala hatuoni kwamba Artemi wa Waefeso, ambaye habari zake twazisoma katika Matendo ya Mitume, arudishiwa hekalu kwa njia hiyo. Hapana amtoleaye sadaka.

Kwa maoni yetu swali zito ni jingine. Katika hadithi zile mara nyingi mwanamke amkimbia mungu amtakaye kwa nguvu, na mwisho wake hugeuka kuwa mti au maji. Dafne alimkimbia Apolo akawa mti, na hata leo Wayunani huuita mti ule kwa jina lake. Arethusa alimkimbia Alfeo, mungu wa mto, akawa chemchemi. Nayo iko hata sasa huko Sirakusa, mji alimokaa Paulo siku tatu, hatua chache kutoka baharini, na mafunjo yameota ndani yake. Watu waliusifu mti, wakayasifu maji. Ni wachache walioiuliza hofu ya msichana.

Basi picha yaweza kumrudisha mwanamke mahali alipopotelea. Yaweza pia kumpoteza mara ya pili. Mwaka 1935, katika London, Madame Yevonde aliwapiga picha za rangi mabibi wa jamaa kubwa wakiwa kama miungu wa kike, na Lady Bridget Poulett akawa Arethusa. Ni picha nzuri mno, hatukatai. Ila hofu ile hatuioni ndani yake.

Twavutwa zaidi na kazi ya Nelly's, Myunani aliyezaliwa Aydin katika Asia Ndogo mwaka 1899. Picha zake za Mona Paiva, mcheza dansi aliyesimama uchi huko Akropoli, zilileta makelele katika Athene, na sisi tusingezitundika katika nyumba ya mwalimu. Lakini alimpiga picha Nikolska, mcheza dansi mwingine, katika Parthenon, hekalu la Athena. Hakumpa jina la mungu ye yote. Mwanamke yule aruka kati ya nguzo, kitambaa chepesi chapeperuka. Hapana amfukuzaye, wala hakugeuka kuwa jiwe miongoni mwa mawe yale.