Jaza Mtungi Hadi Juu: Neno kwa Kijana Unayeuza Kadi za Harusi Mtandaoni



Wapendwa vijana, tafakari ya leo ni ya kundi ambalo ni nadra kulisikia likitajwa kwenye mahubiri: ninyi mnaobuni na kuuza kadi za harusi mtandaoni. Kadi za mchango, kadi za mwaliko, za sendofu, zile za kutumwa WhatsApp na zile za kuchapwa. Kama wewe unauza keki, nguo au picha, usiondoke. Badilisha jina la bidhaa tu, neno ni lile lile.

Tusome Injili ya Yohane 2:1-11, harusi ya Kana.

Soko limejaa, ndiyo

Tuanze na ukweli. Zamani kidogo, kutengeneza kadi kulihitaji kompyuta, programu nzito na mtu aliyesomea. Leo mwenye simu na bando anaweza. Programu kama Canva, iliyoanza mwaka 2013, imewapa watu wengi violezo vilivyo tayari: unabadilisha majina, tarehe na ukumbi, umemaliza. Ni jambo jema, maana limewapa kazi vijana wengi wasio na mtaji. Lakini ndiyo maana ukifungua Instagram unakuta kurasa nyingi mno, zote zina maua yale yale, dhahabu ile ile, na maneno yale yale: "Karibu inbox."

Halafu anakuja mteja. "Dada, kadi bei gani?" Unamtajia. "Mh! Mbona fulani anafanya nusu ya hiyo?" Anapotea. Kesho yake unaona kadi yake kwenye stetasi ya mtu mwingine. Na kodi ya chumba haisubiri.

Hapo ndipo imani inapopimwa, kijana mwenzangu. Kanisani Dominika, ukiwa umevaa sare ya kwaya, ni rahisi kuwa Mkristo. Kazi ipo usiku wa manane, mbele ya simu, wakati hakuna anayekuona na mteja hayupo.

Kana, upande wa watumishi

Tukisoma habari ya Kana huwa tunawaangalia Yesu, Mama Maria na maharusi. Leo tuwaangalie watumishi. Kulikuwa na mitungi sita ya mawe, kila mmoja wa lita 75 hadi 115 hivi. Piga hesabu: ni zaidi ya lita 400 za maji. Hakukuwa na bomba. Mtu alichota, akabeba, akamimina, akarudi tena. Na hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba kutakuwa na divai! Waliambiwa tu wajaze maji.

Wangeweza kuishia nusu. Nani angejua? Lakini Yohane anatuambia walijaza mpaka juu kabisa.

Angalia na hili. Mkuu wa karamu alipoionja ile divai, sifa zilikwenda kwa bwana harusi. Hakuna aliyesimama kuwapigia makofi watumishi. Ila Injili inasema jambo moja zuri sana: mkuu wa karamu hakujua divai imetoka wapi, watumishi walijua. Walioumia mgongo ndio waliokuwa karibu zaidi na muujiza.

Wewe mbunifu wa kadi ni mtumishi wa namna hiyo. Siku ya harusi watu watasifu gauni, keki, ukumbi na MC. Hakuna atakayeuliza kadi katengeneza nani. Lakini kadi yako ndiyo iliyowafikisha. Ukikosea tarehe, bibi aliyesafiri kutoka kijijini atakuta geti limefungwa. Ukikosea jina la baba wa bibi harusi, utaumiza ukoo mzima. Kujaza mtungi hadi juu, kwako wewe, ni kusoma kadi mara tatu kabla ya kuituma.

Vishawishi vitatu vya sokoni

*Cha kwanza ni kunakili.* Unaona kadi nzuri ya mwenzako, unaifuta nembo, unaweka yako, unaposti: "Kazi yetu." Tuiite kwa jina lake. Hapo amri mbili zimevunjwa pamoja, ya saba inayokataza wizi na ya nane inayokataza uongo. Hata sheria ya nchi inaliona: Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kutumia kiolezo si dhambi kama umeruhusiwa, lakini soma masharti yake, na usimwambie mteja umechora kwa mkono wako kitu ambacho hukuchora.

Mkumbuke Mtakatifu Carlo Acutis, kijana aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, aliyetumia kompyuta kuwaonyesha watu miujiza ya Ekaristi. Anakumbukwa sana kwa wazo lake kwamba Mungu anamwumba kila mtu wa pekee, lakini wengi tunaishia kuwa nakala. Kanisa lilimtangaza mtakatifu Septemba 7, 2025. Huyo ni wa kizazi cha mtandao, muombe akusaidie.

*Cha pili ni kulipua kazi.* Kwa kuwa mteja kapunguza bei, basi na wewe unapunguza moyo. Unachukua advansi, unazima simu. Unasema "kesho jioni" ukijua hata hujaanza. Je, wajua kwamba Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inaiweka kazi iliyofanywa vibaya kwenye orodha ya makosa dhidi ya amri ya saba? Tukikubali bei, tumekubali kazi. Kama bei haikufai, kataa kwa heshima: "Samahani kaka, kwa kiasi hicho sitaweza kukufanyia vizuri." Kukataa kwa ukweli ni bora kuliko kukubali kwa hila.

*Cha tatu ni wivu.* Hiki ndicho kinaua kimya kimya. Mwenzako kaanza juzi, leo ana wateja hadi anakataa wengine. Wewe una miaka mitatu na laiki saba, mbili za ndugu zako. Soma Mathayo 20:1-16, wale vibarua wa shamba la mizabibu. Waliotoka asubuhi hawakuibiwa hata senti. Walichoumia ni kumwona aliyekuja saa kumi na moja jioni akipokea sawa na wao. Baraka ya mwenzako haijatolewa mfukoni mwako. Ukiweza, mpongeze. Ukiweza zaidi, muulize amefanyaje.

Na wateja wasipokuja?

Sitakudanganya kwamba ukisali novena simu itaanza kuita. Mungu wetu si mashine ya laiki. Petro alivua usiku kucha asipate kitu, na kabla ya samaki Yesu alimwomba kwanza mtumbwi, ule mtupu, autumie kufundishia (Luka 5:1-11). Mpe Bwana mtumbwi wako mtupu. Mwambie ukweli: "Bwana, wiki ya tatu sina oda."

Kisha tumia akili, maana akili nayo ni zawadi yake. Soko likijaa katikati, angalia pembeni. Nani anatengeneza vizuri kadi za Jubilei ya ndoa ya miaka 25 au 50? Kadi za upadrisho, nadhiri za masista, Komunyo ya Kwanza, Kipaimara? Nani anajua kuandika sawasawa jina la parokia, kigango na mtakatifu msimamizi? Wewe unajua, umekulia humo! Kwa wengi hilo ni jambo dogo, lakini kwa mama anayemwoza binti yake si dogo hata kidogo.

Na kuna jambo la kitume unaloweza kufanya bila kuhubiri. Kwenye kadi nyingi, ukumbi umeandikwa kwa herufi kubwa za dhahabu, na Misa imefichwa chini kwa herufi za sisimizi. Halafu tunashangaa kanisa tupu, ukumbi umejaa! Mshauri mteja kwa upole: "Dada, tuiweke Misa ionekane vizuri, ndipo ndoa yenyewe inapofungwa." Akikataa, kadi ni yake. Akikubali, umewaita watu kwenye Sakramenti.

Na kama baada ya kujitahidi kazi hii bado haikulishi, kubadilisha kazi si kushindwa. Mtume Paulo alishona mahema ili aishi (Matendo 18:3). Thamani yako haikuwa kwenye kadi, iko kwenye ubatizo wako.

Wiki hii fanya haya

1. Pitia ukurasa wako. Kazi isiyo yako, ifute.
2. Kama kuna mteja uliyekula advansi yake, mtafute leo. Rudisha au maliza.
3. Kila ukianza kadi, waombee maharusi hao kwa majina. Majina unayo mbele yako, Salamu Maria moja inatosha.
4. Dominika, zima simu wakati wa Misa. Oda itasubiri saa moja na nusu.
5. Mtaje Mungu mbele ya mshindani wako mmoja unayemwonea wivu, umwombee apate.

Tusali

Bwana Yesu, ulikubali mwaliko wa Kana na ukatumia maji waliyobeba watumishi. Nakuletea kazi ya mikono yangu, ndogo na yenye washindani wengi. Niondolee uongo, uvivu na wivu. Nifundishe kujaza mtungi hadi juu hata kama hakuna anayeona. Maharusi ninaowatumikia uwape ndoa inayodumu. Mama Maria, uliyeona divai imepungua kabla ya wengine, uione na meza yangu. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee. Amina.

Mtumie tafakari hii rafiki mmoja anayehangaika na biashara ya mtandaoni. Wiki njema, na Mungu akubariki.