Ujasiri Usiodai Kuokolewa: Imani ya Kikristo Mbele ya Hatari

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu uhusiano wa imani na ujasiri husema kwamba Mkristo huwa jasiri kwa sababu anaamini Mungu atamkinga na madhara, na kwamba kadiri imani inavyokua ndivyo hofu inavyopungua. Maelezo hayo yana faraja, lakini hayatoshi, kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya Kanisa lenyewe inayakanusha, maana wengi kati ya wale wanaoheshimiwa na Wakristo kwa ujasiri wao hawakukingwa, waliuawa. Pili, mtu aliye na hakika kwamba hatadhurika hayumo hatarini machoni pake mwenyewe, na asiyejiona hatarini hana haja ya ujasiri. Ikiwa basi imani ya Kikristo ni chimbuko la ujasiri, nguvu yake haina budi kutafutwa kwingine. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba imani humpa mtu ujasiri kwa kulijibu mapema, kabla hatari haijafika, swali la yeye ni wa nani na ndugu zake ni akina nani. Na pale ambapo swali hilo halikujibiwa, ubatizo na ibada vyenyewe haviwezi kumsimamisha mtu.

Ujasiri, kwa maana inayotumika hapa, ni uwezo wa kushika lililo jema ilhali mtu anatambua kwamba kulishika kunaweza kumgharimu mali, heshima au uhai. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, aliuweka kati ya kasoro mbili: upande mmoja uoga, unaomkimbiza mtu pale anapopaswa kusimama, na upande wa pili utovu wa tahadhari, unaomtosa pale asipopaswa kuingia. Kwa mtazamo huo hofu ina nafasi yake halali ndani ya ujasiri, kwa kuwa anayeiona hatari sawasawa hawezi kukosa kuihofu. Hata hivyo kielelezo cha Aristotle kilikuwa raia afaye vitani kwa ajili ya mji wake. Thoma wa Akwino, aliyeishi karne ya 13, aliupokea mpango huo na kuugeuza mahali muhimu: alifundisha kwamba tendo kuu la fadhila hii, inayohesabiwa pamoja na busara, haki na kiasi, ni kustahimili kuliko kushambulia. Sababu yake ni kwamba anayeshambulia hujiona mwenye nguvu za kushinda, ilhali anayestahimili hubanwa na aliye na nguvu kumzidi, tena hatari ikiwa imekwisha kumfikia, tena kwa muda mrefu. Kwa hiyo ujasiri huonekana kwa utimilifu katika mfiadini, yaani mtu anayekubali kuuawa kuliko kuiacha imani. Mageuzi hayo yana uzito mkubwa, kwa kuwa yanawafungulia mlango wa ujasiri watu wasio na silaha wala nguvu za mwili, kama vile mjane, mgonjwa, mfungwa na mwanafunzi.

Maandiko ya Kikristo yenyewe hayamfichi mwamini kwamba huenda asikingwe na madhara. Katika kitabu cha Danieli, Shadraka, Meshaki na Abednego wanamwambia mfalme Nebukadneza kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa na tanuri la moto, kisha wanaongeza kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu yake. Uzito wote wa kauli yao umo katika sehemu hiyo ya pili, kwa maana ndiyo inayoutenganisha utii wao na matokeo. Katika bustani ya Gethsemane, Yesu mwenyewe anahuzunika na kufadhaika, anaomba kikombe kimwepuke, kisha anabaki. Mkristo anayeona haya hofu yake mbele ya hatari anasahau kwamba Bwana wake naye aliingiwa na hofu. Hapo ndipo inapofaa kutofautisha matarajio na tumaini. Matarajio hukadiria yatakayotokea na huvunjika yasipotokea. Tumaini hutegemea uaminifu wa yule aliyeahidi, na kwa hiyo linaweza kudumu hata mambo yanapokwenda vibaya kabisa. Ahadi ambayo imani ya Kikristo huisimamia ni ya kuwa pamoja na Mungu ndani ya hatari, na mtu aliyeambiwa kwamba hataachwa peke yake amepewa kitu tofauti na mtu aliyeambiwa kwamba hataguswa.

Kutoka hapo mtu asikimbilie kudhani kwamba imani humfundisha Mkristo kukitafuta kifo. Wahenga waliposema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, walikumbusha kuwa gharama ya ujasiri huwaangukia hata waliobaki nyumbani, na Kanisa la kale lililijua hilo. Waraka wa Wakristo wa Smirna kuhusu kifo cha askofu wao Polikarpo, katika karne ya 2, unamtaja mtu mmoja aitwaye Quintus, ambaye alijitokeza mwenyewe kwa hiari na kuwashawishi wengine wafanye vivyo hivyo, lakini alipowaona wanyama wakali akashindwa na kuikana imani. Polikarpo kwa upande wake alikubali ushauri wa kuondoka mjini, akajificha mashambani, na alipokamatwa hakuyumba. Sipriani, askofu wa Kartago, naye alijificha wakati wa mateso ya Kaisari Desio mwaka 250 akiliongoza kundi lake kwa barua, kisha mwaka 258 akasimama mbele ya hakimu na kukatwa kichwa. Mifano hiyo inaonyesha kwamba kukimbia na kubaki vyote vinaweza kutoka katika moyo mmoja, na kwamba busara ndiyo inayopambanua ni lini uhai uhifadhiwe kwa ajili ya wengine na ni lini utolewe kwa ajili yao.

Kizuizi kikubwa kwa hoja yoyote inayoisifu imani kama chimbuko la ujasiri kinatoka Rwanda. Mwaka 1994, katika nchi ambayo wengi mno wa wakazi wake walikuwa Wakristo waliobatizwa, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalifanyika kwa muda wa siku 100 hivi, na makanisa kama ya Ntarama na Nyamata, walikokimbilia watu wakiamini kwamba hakuna atakayethubutu kumwaga damu humo, yakawa machinjio. Wapo waumini waliowaua waumini wenzao, wapo wengi waliokaa kimya, na wapo viongozi wa dini waliohukumiwa na mahakama kwa kushiriki. Mwezi Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa ajili ya dhambi za Kanisa na za watu wake katika mauaji hayo. Mwenye kufikiri hana budi kuuliza: ikiwa muuaji, aliyenyamaza na aliyewaficha waliowindwa walipokea ubatizo mmoja na kusoma Injili moja, ni kwa maana gani imani hiyo inaweza kuitwa chimbuko la ujasiri wa huyo wa tatu?

Jibu linaanza kwa kutenganisha imani kama utambulisho na imani kama kumtegemea Mungu. Imani kama utambulisho humpa mtu jina, sikukuu na mahali pa kukaa miongoni mwa wenzake, na haya yote ni mema, lakini hatari inapokuja utambulisho mwingine wenye nguvu zaidi, wa kabila, chama au jeshi, unaweza kuumeza. Imani kama kumtegemea Mungu hubadilisha mpangilio wa mapenzi ya mtu, ikamfanya aone kwamba kuna kupoteza kubaya kuliko kupoteza uhai. Huko Gisenyi, karibu na mpaka wa Goma, Félicité Niyitegeka, Mhutu aliyekuwa amejitoa kwa utumishi wa Kanisa, aliwaficha Watutsi na kuwasaidia kuvuka mpaka. Ndugu yake, aliyekuwa afisa wa jeshi, alimsihi aondoke ajiokoe, naye akakataa kuwaacha watu aliokuwa nao. Akauawa pamoja nao mwezi Aprili 1994. Alikuwa na njia ya kutokea, na ndiyo maana tendo lake linafundisha: kwake hao hawakuwa mzigo alioubeba kwa huruma, walikuwa watu wake.

Jambo hilo linaonekana kwa uwazi zaidi Burundi, katika Seminari Ndogo ya Buta. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vinaendelea tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, na chuki ya kikabila ilikuwa imeingia hata katika shule. Uongozi wa seminari hiyo, chini ya Padri Zacharie Bukuru, ulichagua kutolikimbia suala hilo: vijana wa Kihutu na wa Kitutsi walizungumzia waziwazi majeraha ya historia yao, wakasali pamoja, wakacheza pamoja, wakajifunza kusikilizana. Tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia bwenini alfajiri na kuwaamuru wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Walikataa, na vijana 40 wakauawa. Haiwezekani kwamba kundi la vijana walitunga falsafa ya undugu katika dakika zile za milio ya risasi. Walichofanya ni kulirudia jibu lililokwisha kuwa lao. Hatari haikuwaumbia ujasiri, iliudhihirisha.

Wapo watakaodai kwamba mtu anayeamini ufufuko hapotezi kitu, na hivyo kustahimili kwake ni hesabu ya faida tu. Dai hilo linapuuza kwamba tumaini la ufufuko halikifanyi kifo kuwa kidogo: Yesu alimlilia Lazaro, na wazazi wa Buta walilia juu ya watoto wao. Linachofanya tumaini hilo ni kuondoa mamlaka ya kitisho. Anayetisha hutegemea dhana kwamba kila mtu atatoa chochote apate kuishi, ikiwa ni pamoja na kumtoa jirani yake. Anapokutana na mtu ambaye kwake uhai haununuliwi kwa bei hiyo, anaweza kuua lakini hawezi tena kuamuru. Wengine watauliza kama mkereketwa anayekufa akiwaangamiza wasio na hatia hana ujasiri wa namna hiyohiyo. Hapa mafundisho ya Thoma yanasaidia, kwamba uthabiti wa moyo usioongozwa na haki si fadhila. Kipimo chake kinaweza kusemwa kwa maswali mawili: tendo hilo linamlinda nani, na gharama yake inamwangukia nani? Ujasiri unaotoka katika msalaba humlinda mnyonge, na gharama yake humwangukia kwanza yule anayeutenda.

Ikiwa hoja hii ni sahihi, basi makanisa yana wajibu ambao hauwezi kuahirishwa hadi siku ya taabu. Ujasiri wa imani hulelewa wakati wa amani, katika mambo yanayoonekana madogo: katika kukataa kucheka mzaha unaomdhalilisha mtu wa kabila jingine, katika kusema kweli mbele ya mwenye cheo, katika kuketi meza moja na yule ambaye jamii imemtenga, na katika sala inayomtaja adui kwa jina. Jumuiya inayowafundisha watu wake kuomba ulinzi tu inawaandaa kukata tamaa ulinzi huo usipoonekana, na pengine kuutafuta kwa kuwatoa wengine. Jumuiya inayowafundisha kwamba wao ni wa Mungu, na kwamba kila aliyeumbwa na Mungu ni wao, imewapa kitu ambacho mwenye bunduki hawezi kukipokonya. Hakuna mafundisho yanayoweza kumhakikishia mtu kwamba atasimama saa yake itakapofika. Lakini yule ambaye amekwisha kuamua ndugu yake ni nani hatakuwa na sababu ya kuuanza uamuzi huo upya mbele ya anayemwamuru ajitenge naye.