Mgeni au Mdai? Suala la Uhamiaji katika The Tattooed Soldier

Katika riwaya ya Héctor Tobar, The Tattooed Soldier (1998), mkimbizi kutoka Guatemala anamwona mjini Los Angeles askari aliyewaua mkewe na mwanawe. Sadfa hii si mbinu ya kisanaa tu. Ina chimbuko la kihistoria. Mwaka 1954 Marekani ilisaidia kuipindua serikali ya Jacobo Árbenz, kisha ikawafunza maafisa wa jeshi la nchi hiyo. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 wengi waliolikimbia jeshi hilo walinyimwa hifadhi, wakaitwa watafuta kazi. Suala la kimaadili hapa, basi, si ukarimu. Aliyeshiriki kuichoma nyumba ya mwenziwe hamkirimu anapomfungulia mlango, anamlipa deni. Ukarimu humwachia mwenyeji hiari, deni halimwachii.