Haki ya Mwanagenzi

Hapana mtu aliyezaliwa na jembe mkononi. Kila fundi alikuwa mjinga siku moja, na kila mkono mwepesi ulikuwa mzito kabla ya kuzoea. Jambo hili hukubaliwa na watu wote, lakini ndani yake mna swali ambalo huulizwa mara chache. Seremala mwanafunzi hukosea juu ya ubao, na ubao hauna uhai wa kupoteza. Mkulima mwanafunzi hukosea juu ya kitu kilicho hai. Je, mtu asiyejua ana haki gani ya kujifunza kwa kuharibu chenye uhai? Na ikiwa haki hiyo ipo, mpaka wake uko wapi?

Mfano mzuri wa swali hili waweza kuonekana Mlangali, katika wilaya ya Ludewa, mkoa wa Njombe. Hiyo ni nchi ya vilima na baridi, ambamo mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kukatika karibu na mwezi wa Mei. Katika nyanda hizo za juu, tangu Iringa hata Njombe, kiangazi kikifika na mashamba ya vilimani yakipumzika, watu hushuka mabondeni kulima vinyungu, yaani bustani ndogo za matuta katika ardhi iliyohifadhi unyevu. Humo hupandwa mahindi, maharage na mboga. Kinyungu ni kipande kidogo cha ardhi, lakini ni shule yenye masharti makali.

Chukua mtumishi aliyehamishiwa huko kutoka pwani, mathalani mwalimu, ambaye jirani amemgawia kipande cha kinyungu na miche 40 ya kabichi. Yeye hajapata kupanda hata mchicha. Miche hiyo imelelewa kitaluni chini ya kivuli kwa majuma manne au matano, na majani yake ni mororo. Mwalimu huing'oa saa sita mchana bila ya kukinywesha kitalu maji kwanza, na udongo wote hupukutika mizizini. Huisukumiza katika vishimo vifupi hata mzizi mkuu ukapindika. Hutia samadi mbichi, akidhani kwamba chakula kingi ni wema mwingi. Jioni majani yamelala. Usiku sota hutoka ardhini na kukata mashina ya ile iliyosalia. Baada ya juma moja, katika miche 40 imesimama 9.

Kila kosa hapo lilikuwa na dawa inayojulikana na kila mkulima wa bonde lile. Miche hupunguziwa maji na kuondolewa kivuli kidogo kidogo siku chache kabla ya kuhamishwa, ili izoee jua na upepo. Siku ya kuhamishwa, kitalu hunyweshwa sana ili mche utoke pamoja na udongo wake. Kazi hufanywa jioni au siku ya mawingu. Mche huingizwa kwa kina kile kile ulichokuwa nacho kitaluni, udongo hushindiliwa kwa vidole, na maji hufuata. Maarifa haya si siri. Yalikuwa hatua 20 kutoka mahali aliposimama mwalimu.

Wako watakaosema kwamba shauri hili ni dogo, maana mche wa kabichi ni kitu gani? Jawabu hili lina wepesi wa hatari. Mche ni mbegu ya mtu, na maji aliyoyachota mtu, na majuma ya kungoja ambayo hayarudi. Zaidi ya hayo, si wanagenzi wote wajifunzao juu ya kabichi. Mganga kijana hujifunza juu ya mwili wa mgonjwa. Mwalimu mpya hujifunza juu ya akili za watoto wa mwaka wake wa kwanza, nao hawatapata mwaka mwingine wa darasa lile. Hakimu mpya hujifunza juu ya uhuru wa mshtakiwa. Ikiwa kosa la mwanagenzi halina uzito kwa sababu yeye ni mwanagenzi, basi wagonjwa, watoto na washtakiwa hawa wamedhulumiwa na hapana wa kulaumiwa.

Wengine watasema kinyume chake: asiyejua asiguse mpaka ajue. Shauri hili lina sura ya hekima, lakini haliwezi kutimizwa. Maarifa ya mkono hayapatikani kabla ya mkono kufanya kazi. Mtu aweza kusomewa habari za kushindilia udongo mwaka mzima, asijue ni nguvu kiasi gani mpaka vidole vyake vimekaza mno au vimelegea mno. Kama wangepanda mastadi peke yao, basi siku mastadi watakapozeeka bonde lingerudi kuwa magugu. Kumkataza mwanagenzi ni kula mbegu za mwaka ujao.

Basi haki ya kukosea ipo, lakini haki isiyo na mpaka ni dhuluma. Mpaka wa kwanza ni ukubwa wa jaribio. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Tanganyika mradi wa karanga, kwa sababu watu wake walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita. Ilikusudiwa kulima ekari zaidi ya milioni 3, na kazi ilianzia Kongwa. Uchunguzi wa nchi ulikuwa umefanywa mwaka 1946 kwa majuma machache tu, sehemu kubwa kutoka ndegeni. Udongo wa Kongwa hukauka ukawa mgumu kama tofali, na mvua yake haiaminiki. Wagogo, walioishi na ukame huo vizazi kwa vizazi, hawakufanywa walimu wa mradi. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na hasara ilikuwa karibu paundi milioni 36. Wapangaji wale hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wanagenzi waliokataa kuitwa wanagenzi, wakaanza na mamilioni ya ekari pale ambapo mwalimu wa Mlangali alianza na miche 40.

Mpaka wa pili ni hiari ya anayejaribiwa. Mche hauna ulimi, lakini mtu anao. Mwaka 1967, katika maandishi yake juu ya ujamaa vijijini, Julius Nyerere alisisitiza kwamba watu wataingia katika vijiji hivyo kwa hiari. Novemba 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa amri, na mwisho wa mwaka 1976 uliwekwa kuwa kikomo. Mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa haraka na kwa nguvu. Ni haki kusema kwamba nia ilikuwa shule, maji na zahanati, na kwamba vijiji vingi vilivipata. Lakini ni haki pia kusema kwamba watu wengi waling'olewa mchana wa jua kali, na udongo wao ukapukutika: makaburi ya wazee wao, miembe yao, ujuzi wa shamba walilolifahamu kwa miaka. Mpandaji hawezi kuuliza mche kama uko tayari, kwa hiyo hulazimika kuutazama sana. Mwenye kuhamisha watu aliweza kuuliza. Udhuru wa mpandaji haukuwa wake.

Mpaka wa tatu ni nani alipaye. Mchuma janga hula na wa kwao, husema wahenga, na ukweli huo hauwezi kuondolewa wote. Hata kinyungu kikichimbwa vibaya huwanyima maji walio chini ya bonde. Ndiyo sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 za ulinzi kando ya mito. Hata hivyo iko tofauti kubwa kati ya mtu anayekosa mboga kwa kosa lake mwenyewe na mtu anayekosa mbali, akala salama. Haki ya kukosea huzidi kadiri mkosaji anavyobeba gharama ya kosa, na hupungua kadiri anavyowabebesha wengine.

Hapa hutokea kizuizi. Mganga kijana habebi gharama yoyote, mgonjwa huibeba. Je, anyimwe kujifunza? La. Lakini haki asiyoweza kuilipia mwenyewe lazima ilipiwe na mwingine, naye ni yule ajuaye. Mjuzi asimame kando yake, atazame mkono wake, auzuie kabla haujaharibu. Kwa hiyo haki ya mwanagenzi na wajibu wa mjuzi ni kitu kimoja kilichotazamwa kutoka pande mbili. Bibi mwenye kinyungu cha jirani, aliyepita saa sita, akaitikia "Marahaba" na kwenda zake, ana sehemu yake katika miche 31 iliyokufa. Kama angalisimama akasema, "Mwalimu, jua hili ni la kuanikia mahindi, si la kupandia miche, ngoja jioni," miche mingi ingalipona. Na mwalimu, kama angaliuliza kabla ya kung'oa, angalipunguza lawama ya bibi na yake mwenyewe pamoja. Kuuliza si ujinga, lakini kunyamaza kwa ajuaye hulea ujinga.

Wasomi wana haja ya kulifikiri jambo hili kuliko wakulima. Mkulima huambiwa kosa lake na majani kabla jua halijatua. Msomi aweza kukosea miaka kumi, na waliodhurika wasijue jina lake. Shahada humpa mtu ruhusa ya kuanza kazi. Haimtoi katika uanagenzi. Afikapo mahali pasipo pake, aanze na kidogo, aulize wenyeji, akubali kulipa sehemu ya hasara. Na siku atakapokuwa mjuzi, asimpite kimya anayepanda mchana.